Shubiri kwa Ndimi Mbili

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa baiolojia, na ninyi wauguzi wa kliniki za mama na mtoto mliokubali kukaa nasi asubuhi hii,

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, maana ndicho kilichonifikisha kwenye somo hili, la kwa nini kitu kilekile ni kichungu kwa mmoja na si kichungu kwa mwingine. Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu alitugawia vijikaratasi vyeupe akatuamuru tuviweke kwenye ulimi sote kwa wakati mmoja. Darasa likavurugika. Huyu anatema mate dirishani, yule anaomba maji, mwingine anafuta ulimi kwa kola ya shati. Mimi nilionja karatasi. Nikaigeuza upande wa pili, nikaonja karatasi tena. Nilipoona majirani zangu wote wamekunja nyuso, nami nikaukunja wangu, na mwalimu alipohesabu mikono ya waliohisi uchungu nikanyoosha wangu miongoni mwao. Takwimu za darasa letu siku ile zilikuwa na kosa la mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyesimama mbele yenu.

Kabla ya kwenda mbali, naomba tukubaliane juu ya neno. Kiswahili kimejaliwa kutenganisha mambo ambayo ulimi wa mwanafunzi huyachanganya. Ndimu ni kali, pilipili nayo ni kali kwa namna nyingine, ndizi mbichi na bibo vina ukakasi, na mwarobaini ni mchungu. Ukakasi si ladha hata kidogo. Ni kinywa kukauka na kukazana baada ya tanini kushikamana na protini za mate, na pilipili huamsha neva za joto na maumivu. Uchungu ninaouzungumzia leo ni ule wa mwarobaini, kwinini na shubiri. Nimesahihisha ripoti nyingi za jaribio la kuonja ambamo neno "chungu" lilisimama badala ya ukali wa limao, na ripoti ya namna hiyo haiwezi kuokolewa na hesabu nzuri zitakazofuata.

Habari ya vijikaratasi vile ilianza kwa ajali ndogo ya maabara. Mwaka 1931, Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo fenilithiokabamaidi, ambayo kwa kifupi huitwa PTC na ndiyo hutiwa katika vijikaratasi vile, na vumbi lake likaruka hewani. Mwenzake, C. R. Noller, akalalamika kwamba vumbi lile ni chungu. Fox, aliyekuwa karibu zaidi na chupa, hakuhisi kitu. Wakabishana, wakaonja tena, kisha wakawaonjesha wengine, ikadhihirika kwamba watu wamegawanyika: kwa wengi unga ule ni mchungu, na kwa wachache hauna ladha yoyote. Mwaka huohuo Laurence Snyder alipima familia 100, akahitimisha kwamba kutouhisi uchungu wa PTC ni jambo la kurithi, tena la aina inayoweza kujificha kwa wazazi na kujitokeza kwa mtoto. Kwa uvumbuzi huo walimu wa baiolojia walipata zawadi. Hapa palikuwa na sifa ya binadamu inayoonekana kufuata kanuni za urithi za Mendel, isiyohitaji njegere wala miezi ya kusubiri mavuno, inayoweza kuonyeshwa darasani kwa dakika 5. Ndiyo maana hadi leo PTC imo katika vitabu vyetu vya kidato cha nne, jirani na kukunja ulimi.

Jeni yenyewe haikujulikana kwa miaka mingi. Mwaka 2000 ndipo watafiti wa Marekani, wakiwemo kundi la Charles Zuker na Nicholas Ryba na kundi la Linda Buck, walipotangaza kupatikana kwa ukoo mzima wa jeni za vipokezi vya uchungu, ukoo uitwao TAS2R. Binadamu ana takriban 25 zinazofanya kazi, pamoja na nyingine kadhaa zilizokwisha kuharibika na kubaki kama magofu katika kromosomu zetu. Kuku ana tatu tu. Pomboo, anayemeza samaki mzimamzima, hana hata moja iliyo hai.

Kila jeni ya ukoo huo hutengeneza kipokezi, yaani protini iliyojipenyeza katika utando wa seli za ladha na kuacha nje mfuko unaoweza kupokea kemikali za umbo fulani. Kemikali ikiingia humo, kipokezi huiamsha protini ya ndani iitwayo gastidusini, kalsiamu hufunguliwa ndani ya seli, na neva hupelekewa ujumbe. Seli moja ya uchungu hubeba vipokezi vya aina nyingi kwa pamoja, na hii ndiyo sababu vitu visivyofanana kabisa kikemia, kwinini na kafeini kwa mfano, huangukia katika neno moja mdomoni. Mwili haukujali sana ni sumu gani. Ulichotaka ni kengele ilie.

Sasa ninaomba mnisikilize kwa makini kidogo, kwa sababu hapa ndipo panapopotewa na wengi. Tumezoea kusema kwamba uchungu umo ndani ya jani, kama vile maji yalivyomo ndani ya dafu. Mwaka 2005 kundi la Zuker na Ryba lilichukua kipokezi kimoja cha uchungu cha binadamu, TAS2R16, likakipandikiza katika seli za panya zinazohisi utamu. Kemikali ambayo kwetu ni chungu ikawa kivutio kwa panya wale. Wakaikimbilia na kuinywa kama sukari. Kemikali haikubadilishwa, wala kipokezi hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni seli iliyobeba kipokezi, na kwa hiyo njia ambayo ujumbe ulipitia kwenda kwenye ubongo. Uchungu, basi, hutokea ndani ya mwenye kula. Jani huleta kemikali tu.

Na kama uchungu hutokea ndani ya mwenye kula, basi inafaa kuuliza ni vipokezi gani alivyorithi. Jeni ya PTC ilibainishwa mwaka 2003 na kundi la Un-kyung Kim na Dennis Drayna, waliofuatilia familia za jimbo la Utah hadi wakaifikia katika kromosomu ya 7. Inaitwa TAS2R38. Protini yake ina asidi amino 333, yaani vijenzi vyake vidogo, na tofauti kati ya mimi na majirani zangu wa darasani huenda ikawa imebebwa na tatu tu kati ya hizo, ya 49, ya 262 na ya 296. Nakala ambayo katika nafasi hizo ina prolini, alanini na valini huandikwa kwa herufi PAV, na hutengeneza kipokezi kinachoishika PTC barabara. Nakala yenye alanini, valini na aisolusini huandikwa AVI, na kipokezi chake hakiishiki. Mwenye nakala mbili za PAV huhisi sana, mwenye mbili za AVI kwa kawaida hahisi, na aliyerithi moja moja yuko katikati, karibu zaidi na wanaohisi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, kati ya robo na theluthi hawahisi. Mimi sijawahi kupimwa jeni, lakini nikiulizwa nitakisia AVI mara mbili.

PTC haipo sokoni, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza ya nini kujisumbua nayo. Jibu ni kwamba kipokezi kilekile hushika kemikali za mboga za jamii ya kabichi, zenye muungano wa kaboni, naitrojeni na salfa unaofanana na ule wa PTC. Sukuma wiki imo, kabichi imo, figili imo, na mgagani, ingawa ni wa jamii jirani, una kemikali za ukoo huohuo. Mari Sandell na Paul Breslin walionyesha mwaka 2006 kwamba watu wenye PAV mbili waliziona mboga za aina hiyo kuwa chungu kwa asilimia 60 zaidi ya walivyoziona wenye AVI mbili. Nyumbani kwetu kaka yangu alikuwa akisukuma sukuma wiki pembeni mwa sahani kila siku, na kila siku akiambiwa kwamba anadeka, mbona dada yake anakula bila maneno. Dada yake alikuwa anakula mboga nyingine kabisa, ila hakuna aliyejua. Bibi zetu wanaopika mgagani kwa maziwa au karanga, au wanaouchemsha kwanza na kumwaga maji, hawakuhitaji jeni kuwaambia kwamba mezani pana ndimi za namna nyingi. Mafuta na kumwaga maji hupunguza kile kinachomfikia mwenye PAV, na mwenye AVI hapotezi kitu.

Mambo hayaishii katika jeni hiyo moja. Waswahili tunapotaka kutaja uchungu usio na mwenziwe husema ni mchungu kama shubiri. Utomvu wa shubiri una kemikali iitwayo aloini, na kipokezi kinachoihisi kwa wepesi zaidi ni kingine, TAS2R43, ambacho nacho kina nakala zenye nguvu na nakala dhaifu. Mwenye nakala dhaifu huhitaji aloini nyingi zaidi mno ndipo aanze kukunja uso. Nadhani wengi humu mmewahi kuona, au mmewahi kufanyiwa, ile desturi ya kupaka shubiri kwenye titi ili mtoto aache ziwa. Kila mtaa una hadithi ya mtoto aliyelamba akaendelea kunyonya, naye akaitwa mtukutu. Sina ushahidi juu ya mtoto huyo wa mtaani kwenu, lakini jeni inaruhusu kwamba hakuwa mtukutu. Na kwa kuwa jeni hizi mbili ni tofauti, mtu anayeteswa na kabichi anaweza kuivumilia shubiri, na mwingine kinyume chake, kiasi kwamba kumwita mtu "mwenye ulimi mwepesi" kwa jumla hakutupi habari ya kutosha.

Kwa nini basi nakala dhaifu zipo? Kama uchungu ni kengele ya sumu, ingetarajiwa kwamba wasioisikia kengele wangepungua kizazi baada ya kizazi. Swali hili liliulizwa mapema. Mwaka 1939, wanasayansi wa jenetiki walipokutana Edinburgh, Ronald Fisher, E. B. Ford na Julian Huxley waliwaonjesha sokwe wa bustani ya wanyama maji yenye PTC, wakakuta kwamba sokwe nao wamegawanyika kama sisi. Fisher alihitimisha kwamba mgawanyiko huo ni wa zamani kuliko kutengana kwa nasaba yetu na yao, na kwamba lazima kuna faida fulani inayozishikilia nakala zote mbili. Mwaka 2006 Stephen Wooding na wenzake waliisoma jeni yenyewe kwa sokwe, wakakuta kwamba nakala yao dhaifu imeharibika mahali pengine kabisa, pale mwanzoni ambapo seli huanza kuisoma. Mgawanyiko, kumbe, ulitokea mara mbili, kila nasaba kivyake. Nampenda Fisher katika kosa hili: alikosea historia, ila wazo lake kwamba kuna kitu kinachozilinda nakala zote mbili bado liko hai. Upande wetu nao ni wa kale. Mabaki ya Neandatali mmoja, binadamu wa kale wa nasaba iliyokwisha kutoweka, kutoka pango la El Sidrón nchini Hispania yalikutwa na nakala yenye kuhisi na isiyohisi kwa pamoja.

Afrika ndiyo iliyolifanya swali hili kuwa gumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kundi la Michael Campbell na Sarah Tishkoff lilichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa TAS2R38 kwa Waafrika 611 kutoka jamii 57 za Afrika ya Kati Magharibi na Afrika Mashariki, wawindaji, wafugaji na wakulima, na 463 kati yao walionjeshwa PTC. Matokeo yalikuwa mawili. La kwanza, Waafrika hawatoshei katika visanduku viwili vya kitabu cha shule: kuna nakala za katikati, ikiwemo AAI ambayo nje ya bara hili ni adimu, zinazompa mtu uchungu wa wastani, tena kuna mabadiliko mengi, kila moja likiwa adimu, ambayo hayapo kwingine na baadhi yake hupandisha au kushusha hisia. La pili lilinishangaza zaidi. Ungetegemea mfugaji anayeishi kwa maziwa na mwindaji anayechimba mizizi ya porini wawe na mgawanyo tofauti wa nakala hizi, kwa kuwa mmoja anahitaji kengele ya sumu kila siku na mwingine haihitaji sana. Haikuwa hivyo. Mgawanyo ulifanana katika jamii zenye vyakula tofauti kabisa, na watafiti wakasema wazi kwamba pengine kinacholinda nakala hizi si chakula.

Kama si chakula, ni nini? Mwaka huohuo wa 2012 kundi la Robert Lee na Noam Cohen, la Philadelphia, lilionyesha kwamba kipokezi cha TAS2R38 kipo pia katika seli za pua, mahali ambapo hakuna mtu anayeonja kitu. Bakteria aina ya Pseudomonas huwasiliana wao kwa wao kwa kemikali, na kipokezi hiki huyadaka mawasiliano hayo. Seli hutoa gesi ya naitriki oksidi inayoua bakteria, na vinyweleo vya njia ya hewa huongeza kasi ya kufagia. Seli za wenye PAV mbili ziliitika kwa nguvu kuliko za wengine. Inawezekana, basi, kwamba ulimi ni dirisha tu la kazi inayofanyika kwingine, ingawa hilo nalo halielezi kwa nini AVI haijatoweka, na mimi binafsi sioni jibu linalotosha hadi sasa.

Msichukue hayo kuwa na maana kwamba uchungu hauna kazi mezani. Wakulima wa Mtwara na Lindi wanaopanda muhogo mchungu wanajua kwamba kemikali iliyomo, linamarini, huzaa sumu ya sayanidi, na nguruwe pori huuogopa; kwa hiyo huupanda kwa makusudi, kisha huumenya, huuloweka au huuanika hadi uwe makopa. Ukame unapowaharakisha watu wakaruka hatua, huja konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kuiacha hivyo, kama ulivyowapata watu wa wilaya ya Tarime mwaka 1985. Kipokezi cha kemikali za jamii hiyo ni kile TAS2R16 nilichokitaja katika habari ya panya, na nakala yake dhaifu huonekana hasa barani Afrika. Kuna waliodhani kwamba sayanidi kidogo kidogo humpunguzia mtu malaria, na kwamba ndiyo sababu ya nakala hiyo kubaki. Ni dhana nzuri ya kusimulia, nami siifundishi.

Wala jeni haimwamulii mtu atakula nini. Uchunguzi wa takwimu za mamia ya maelfu ya Waingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba watu waliorithi hisia kali ya uchungu wa kafeini hunywa kahawa zaidi, si pungufu. Mnywaji wa kahawa chungu barazani hatashangaa.

Wauguzi mnajua kwamba mtoto anayetema dawa ya malaria ni tatizo la kipimo, kwani hakuna ajuaye ni kiasi gani kimebaki tumboni. Julie Mennella na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto waliorithi PAV moja na AVI moja mara nyingi huhisi uchungu katika viwango vidogo ambavyo kina mama wengi wenye jeni hizohizo hawavihisi. Mama anayeonja dawa kwanza na kumwambia mwanawe "mbona si chungu" anasema kweli ya ulimi wake. Afrika Mashariki ilishiriki katika kutafuta ufumbuzi: jaribio lililoongozwa na Salim Abdulla, likahusisha watoto 899 wa Tanzania, Kenya, Msumbiji, Mali na Benin, na kuchapishwa mwaka 2008, lililinganisha vidonge vya kawaida vya artemetha na lumefantrini vilivyopondwa na vidonge vipya vinavyoyeyuka majini vyenye ladha ya cheri, na vipya vikaponya sawasawa na vya zamani. Watoto wa shule wa Tanzania ndio walioonjeshwa ladha tatu, ya stroberi, ya chungwa na ya cheri, kabla ya dawa kukamilishwa. Ladha iliyoongezwa haiondoi kemikali chungu. Huisindikiza tu, na kwa mwenye vipokezi vikali itabaki nyuma yake. Kwa hiyo ninaomba kwenye kadi ya kliniki neno "amekataa" liandikwe pamoja na jina la dawa, kwa sababu mtoto anayekataa moja anaweza kuipokea nyingine.

Walimu wenzangu, kwenu nina ombi moja gumu. Mnapoitumia PTC darasani, msiitumie kuchora mti wa familia ya mwanafunzi. Kitabu kinasema wazazi wawili wasiohisi hawawezi kuzaa mtoto anayehisi. Snyder mwenyewe, alipopima familia nyingi zaidi mwaka 1932, alikuta watoto wachache wa namna hiyo. TAS2R38 inaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya PTC, kati ya asilimia 55 na 85 kwa makadirio ya kundi la Kim, na inayobaki hutokana na mambo mengine. Kisha kuna zile nakala za katikati ambazo kwetu ni nyingi, na kuna mwanafunzi aliyenyoosha mkono kwa uongo. Zamani kipimo hiki kilitumika hata katika kesi za kutambua baba wa mtoto. Mtoto wa miaka 16 anayerudi nyumbani na kijikaratasi kuwauliza wazazi wake kwa nini yeye anahisi nao hawahisi anaweza kuanzisha mazungumzo ambayo hakuna mwalimu wa baiolojia aliyeomba kuyaanzisha. Chukueni matokeo ya darasa zima, yachoreni kama mgawanyo wenye ngazi, kuanzia wasiohisi hadi wanaotema dirishani, na kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kutazama uso wa jirani.

Mezani karibu na mlango kuna bahasha za kutosha wote. Kila bahasha ina vijikaratasi viwili vilivyotiwa alama kwa penseli, kimoja kisicho na kitu na kimoja chenye PTC ya kiasi kidogo sana. Anzeni na kile kisicho na kitu, mkiweke kwenye ulimi kwa muda wa kuhesabu hadi 10, mwandike, kisha mwonje cha pili. Maji yako kwenye ndoo upande wa kushoto.